Hewa Chache Mlimani

Sisi watu wa Kabras tukikutana njiani husema mulembe, yaani amani. Kwa salamu hiyo tunawafikia leo kutoka Butali, mahali ambapo barabara ya Kakamega kwenda Webuye inapita katikati ya mashamba ya miwa. Popote mlipo, jikoni, dukani, kitandani hospitalini, au kando ya barabara mkingojea abiria, karibuni tukae pamoja kwa muda mfupi mbele ya Neno la Mungu.

Somo letu limo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, mstari wa 1 hadi wa 18. Aliye na Biblia karibu na aifungue, na asiye nayo asikilize tu, maana habari yenyewe ni fupi. Nabii Eliya ametoka katika ushindi mkubwa juu ya Mlima Karmeli. Moto umeshuka, watu wamemkiri Bwana, mvua imerudi baada ya ukame wa miaka. Halafu unafika ujumbe wa malkia Yezebeli, na mtu yule yule aliyesimama mbele ya manabii 450 wa Baali anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anatembea mwendo wa siku moja jangwani peke yake, anaketi chini ya mti wa mretemu, na hapo anamwomba Mungu amtoe roho. Hataki tena kuishi.

Sasa tuulize: Eliya alikuwa amepungukiwa na nini? Wako watakaojibu upesi kwamba alipungukiwa na imani. Wengine watasema ni dhambi iliyofichika, au ni adui aliyemwingia. Majibu hayo twayasikia kila siku katika nyumba zenye msiba, na katika ibada zetu pia. Leo tungependa kulitazama swali hilo kwa msaada wa safari moja ya pikipiki, tuliyoifanya katika milima ya Cherangani.

Mtakumbuka mvua za mwisho wa mwaka 2019. Mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yalikuwa na joto kupita kawaida, na mvua ikanyesha juma baada ya juma bila kupumzika. Ardhi ya milimani ikanywa maji hata isiweze kunywa tena. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2019, miteremko ya milima katika Kaunti ya Pokot Magharibi iliporomoka. Katika vijiji vya Nyarkulian na Parua, na upande wa Muino, watu walifukiwa na udongo wakiwa wamelala. Waliokufa walizidi 40, na miongoni mwao watoto. Madaraja yalisombwa na barabara zikakatika.

Mwezi wa Januari 2020 waumini wa Butali walikusanya blanketi, maharagwe na fedha kidogo, wakatutuma. Tulikwenda wanne kwa pikipiki mbili: vijana wawili wa boda boda ambao ni washiriki wa kanisa letu, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, na mchungaji anayesema nanyi. Tulichagua pikipiki kwa sababu barabara nyingi za mlimani zilikuwa bado zimeharibika, na pahali gari linapogeuka, pikipiki hupita.

Siku ya kwanza ilikuwa nyepesi. Tulipita Webuye, tukapita Kitale, tukalala Kapenguria. Vijana waliimba njia nzima. Lakini hata bila kujua, tulikuwa tunapanda. Butali kwetu ni zaidi kidogo ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kitale ni kama mita 1,900, na Kapenguria ni zaidi ya mita 2,100. Asubuhi ya pili tuliacha lami, tukaanza kuipanda milima yenyewe, upande wa Lelan na Tapach. Kilele kirefu cha Cherangani hupita mita 3,500.

Kwa mtu aliyezoea Butali, nchi ile inashangaza. Huku kwetu miwa husimama pande zote mbili za barabara kama ukuta, na mahali usipopanda kitu, kitu huota chenyewe. Kule, kadiri tulivyopanda, mahindi yaliisha, yakabaki mashamba ya viazi. Kisha viazi navyo vikaisha. Tukaingia katika nchi ya majani makavu yanayoota kwa mafungu, mawe, na upepo. Miti ilikuwa michache na mifupi, na hapa na pale visiki tu vya miti iliyokatwa zamani. Kondoo wenye manyoya mazito walisimama wakituangalia katika ukungu. Alfajiri umande huganda juu ya majani kule, ukawa mweupe kama chumvi. Hapakuwa na duka, wala mti wa matunda, wala kivuli cha kuketi. Yule mama alisema, "Pasta, hapa hata kunguru hawatulii."

Katika nchi hiyo pikipiki ya kijana mmoja ilianza kudhoofika. Kwanza ilipoteza kasi. Halafu ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Kijana akavuta mafuta zaidi. Moshi ukaongezeka, nguvu zikapungua. Akavuta tena kwa hasira, na injini ikazimika. Akapiga kiki mara nyingi, jasho likimtoka katika baridi ile. Mwishowe aliketi chini kando ya njia na kushika kichwa. "Pasta," alisema, "injini imekufa. Na deni lake bado sijamaliza kulipa."

Ninyi mlio na vijana wa boda boda nyumbani mwaelewa uzito wa maneno hayo. Pikipiki ya mkopo hulipiwa kila siku au kila juma. Siku isipotembea, deni halilali. Kijana yule hakuwa analilia chuma. Alikuwa anaona mke, mtoto, kodi ya nyumba, na aibu ya kurudi Butali akiwa anatembea kwa miguu.

Tulisukuma mpaka kwenye kituo kidogo chenye vibanda vichache, tukampata fundi, mzee wa Kipokot aliyevaa koti zito. Hakugusa injini kwanza. Alimtazama kijana, akamwuliza, "Umetoka wapi?"

"Butali, mzee. Kakamega."

"Kakamega iko chini," akasema fundi. "Pikipiki yako haina ugonjwa, kijana wangu. Ni hewa. Hapa hewa ni chache."

Akafungua plagi, ikawa nyeusi tii kwa masizi, akaisafisha. Akakung'uta chujio la hewa. Akageuza kidogo parafujo ya kabureta. Kisha akatoa maagizo yake: "Usivute mafuta kwa nguvu. Ukivuta, unamwaga petroli, na shida yako si petroli. Tumia gia ndogo. Punguza mzigo. Na mahali pakali, huyu mchungaji ashuke atembee." Wote tulicheka, na mchungaji akatembea.

Wasikilizaji wapendwa, tulimwomba fundi yule atueleze zaidi, na maneno yake yanaafikiana na yale yanayofundishwa shuleni. Injini haili petroli peke yake. Huchoma petroli pamoja na hewa, kwa kipimo maalumu. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa huzidi kuwa nyepesi. Ukifika mita 3,000, pumzi moja ina hewa kama sehemu saba tu katika kumi ukilinganisha na pumzi hiyo hiyo ukiwa pwani. Injini nayo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lakini kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini haijui kwamba imepanda. Huendelea kumimina petroli kama desturi, na petroli ikizidi hewa haiungui vizuri. Ndiyo sababu ya moshi, masizi na udhaifu. Chombo ni kizima, na mahali kilipo ni pagumu.

Na si injini tu. Sisi wenyewe tulihema kama wazee kila tulipopanda hatua 20. Watu wa kule hawahemi, maana miili yao imezoea tangu utoto. Kapsait na Iten ni mahali wanariadha wetu wanapofanyia mazoezi kwa sababu hiyo hiyo: mwili ukikaa mahali penye hewa chache huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba hewa. Lakini huo ni mwendo wa majuma. Hakuna kocha awezaye kumwamuru mtu azoee kwa siku moja, hata akimpigia kelele.

Sasa turudi kwa Eliya, tuone Mungu alivyomtendea.

Someni sura ile polepole, na mtatafuta bure neno la kumkaripia chini ya mretemu. Mungu hakumwambia aongeze imani. Hakumkumbusha Karmeli ili kumwaibisha. Jambo la kwanza ambalo Eliya alipata kutoka mbinguni lilikuwa usingizi. La pili lilikuwa mkono wa malaika uliomgusa. La tatu lilikuwa mkate wa moto na maji ya kunywa. Akala, akanywa, akalala tena, na Mungu akamwacha alale. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, na safari hii akatoa sababu: mwendo ulio mbele ulikuwa umezidi uwezo wa Eliya. Ndugu, lifikirini jambo hilo. Mbingu yenyewe ilikiri kwamba safari ilikuwa ngumu kupita nguvu za mtu huyu. Haikusema kwamba mtu huyu ni mbaya.

Baada ya hapo ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu. Kwa mapokeo ya zamani mlima huo ni Jebel Musa katika Sinai, mlima wa mita 2,285, mwamba mtupu usio na msitu. Na kule juu penye ukavu, baada ya upepo, tetemeko na moto, Mungu alisema naye kwa upole kama mnong'ono. Alimpa kazi ya kufanya, akampa mwenzake Elisha, na akamjulisha kwamba wako watu 7,000 ambao hakuwa na habari zao. Angalieni utaratibu wa mambo hayo: usingizi, chakula, tena usingizi, tena chakula, mwendo, sauti, kazi, na rafiki. Mahubiri hayakuja kwanza.

Tulipofika tulikotumwa, tuliona milima iliyochunwa. Mahali palipokuwa na nyumba na shamba palikuwa na kovu refu jekundu kutoka juu hadi bondeni, na mawe makubwa kama nyumba. Pale tulimkuta mama mmoja aliyefiwa na watoto wake usiku ule. Tangu siku ya maziko hakuwa amekwenda kanisani. Majirani walituambia kwamba wageni kadhaa walikuwa wamepita wakamwombea kwa sauti kubwa. Mmoja akamwambia atafute dhambi iliyoleta jambo hili. Mwingine akamwambia asilie, maana kilio ni dalili ya kutoamini. Kila aliyekuja alivuta mafuta zaidi, na mama akazidi kuzimika.

Mama wetu wa kutoka Butali hakusema mengi. Alimwamkia, akaketi chini karibu naye, akamshika mkono. Kisha akainuka kuwasaidia wanawake wa mji kupika maharagwe tuliyoleta. Hapo tena alifundishwa jambo la mlimani. Sufuria ilitokota kwa kishindo, lakini maharagwe hayakuiva. Katika mita 3,000 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 90 hivi, badala ya 100 kama pwani, na hata ukiongeza kuni chini ya sufuria, joto la maji halipandi zaidi ya hapo. Wanawake wa kule walicheka kwa upole, wakasema, "Mama, hapa maharagwe huanzwa alfajiri." Basi wakasubiri. Wakasubiri pamoja saa nyingi, wakichochea moto na kuzungumza, na wakati fulani katika kungoja huko yule mama aliyefiwa akaanza kuwataja watoto wake kwa majina, mmoja mmoja. Akalia. Hakuna aliyemnyamazisha. Jioni alikula kidogo. Majirani walisema ni mara ya kwanza kumwona akila mbele ya watu.

Hatukufanya muujiza. Tunawaeleza hayo kwa sababu twaamini kwamba kazi ya malaika chini ya mretemu ndiyo hiyo, na kazi hiyo imeachiwa kanisa.

Pengine msikilizaji mmoja anauliza: Je, Mchungaji, hakuna dhambi tena? Hakuna uvivu? Dhambi ipo, na uvivu upo. Lakini fundi mwema huuliza kwanza, "Umetoka wapi?" kabla ya kufungua injini. Bwana wetu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Katika Luka 13 alikataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akawageuzia wasikilizaji wake mioyo yao wenyewe. Na ndani ya Biblia imo Zaburi ya 88, ambayo ni sala ya mtu aliye katika dhiki, nayo inaishia gizani bila neno la furaha mwishoni. Mungu hakuikataa sala hiyo. Aliihifadhi katika Maandiko, ili mtu asiye na wimbo mwingine awe na wa kuomba.

Basi tuangalie huku kwetu, maana hewa chache haipatikani Cherangani peke yake. Iko Butali, mita 1,500 tu, katikati ya miwa ya kijani. Yuko mkulima aliyepeleka miwa kiwandani na bado anangoja malipo, huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Yuko mjane ambaye shamba linagombaniwa na ndugu za marehemu. Yuko kijana wa pikipiki anayelipa mkopo, ambaye abiria wamepungua na petroli imepanda bei. Yuko mama aliyejifungua, na badala ya furaha analia bila kujua sababu. Yuko mwalimu, yuko muuguzi, yuko hata mchungaji, ambaye kila mtu humletea mzigo na hakuna anayemwuliza amelalaje. Watu hawa wakidhoofika, wakiacha kuimba, wakikaa benchi ya nyuma au kubaki nyumbani, sisi tunafanya nini? Mara nyingi tunapeleka ujumbe kwamba wamepoa kiroho. Huko ni kumimina petroli mahali penye upungufu wa hewa.

Tungependa kuyachukua maagizo ya yule fundi na kuyapeleka nyumbani.

La kwanza, punguza mzigo. Kama jirani yako amelemewa, usianze na mstari wa Biblia kama huwezi kuubebea na ndoo ya maji. Lipa karo ya juma moja. Palilia mistari kumi ya shamba lake. Kaa na watoto wake ili alale mchana mmoja. Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, aliita kubebeana mizigo kuwa ni kutimiza sheria ya Kristo, kwa hiyo tusilione kuwa jambo dogo.

La pili, tumia gia ndogo. Wewe uliye mahali pagumu, usijilazimishe mwendo uliokuwa nao bondeni. Kama zamani uliomba saa nzima na leo huwezi, omba sentensi moja. Kama huwezi kusoma sura, soma mstari, au mwombe mtoto akusomee. Kama huwezi kuimba, kaa kati ya waimbao na uwaache wakuimbie. Gia ndogo haina fahari, lakini ndiyo inayopanda mlima.

La tatu, usisafiri peke yako. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba kabla ya kuingia jangwani, na jangwani akaona kwamba amebaki peke yake duniani. Hakuwa peke yake. Walikuwako 7,000. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, na katika milima ile tuliona faida yake: pikipiki moja ilipozimika, ya pili ilikuwapo.

Na hapa tuna neno la pekee kwa mtu mmoja. Hatukujui jina, lakini huenda unatusikiliza au utausoma ukurasa huu baadaye. Umechoka, na si uchovu wa kulala tu. Umefika pale Eliya alipofika, na umeanza kutamani kufa, au hata umewaza namna ya kufanya hivyo. Ndugu, dada, sikia: nabii mkubwa wa Israeli alitamani hivyo, na Mungu hakumtupa wala hakumkemea. Alimtumia malaika wa kumgusa na chakula cha kula. Tunakuomba leo, kabla jua halijatua, mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno hayo waziwazi. Nenda kwa mchungaji wako, kwa mama wa kanisa, kwa rafiki. Nenda na hospitalini, maana ugonjwa wa moyo uliovunjika una tiba kama ugonjwa mwingine, na daktari ni mtumishi wa Mungu pia. Zamani sheria ya nchi yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na watu walificha kwa hofu ya kufungwa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeona kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji msaada kuliko adhabu, kanisa la Yesu Kristo lisiwe nyuma ya mahakama.

Na kwa ninyi mtakaoambiwa maneno hayo na mtu: msishtuke, wala msihubiri. Kaeni naye. Mpeni chai. Usiku ule asilale peke yake, na kesho mpelekeni kwa wanaoweza kumsaidia.

Jambo la mwisho. Mito ya nchi yetu haianzii katika mashamba mazuri ya chini. Milima ya Cherangani ni mmoja wa minara mitano mikubwa ya maji ya Kenya. Mto Nzoia, tunaouvuka tukienda Webuye, na unaoshuka hadi Ziwa Viktoria, hupata maji yake kutoka milima hiyo na ile ya Elgon. Tunakunywa na kupanda kwa maji yaliyokusanyika penye ukungu, mawe na majani makavu. Hatusemi hayo ili kumwambia aliyefiwa kwamba msiba wake una faida, la hasha. Twasema tu kwamba mahali pale hapajaachwa na Mungu. Alikuwako Horebu, naye yuko penye hewa chache.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemlisha Eliya alipokata tamaa, uwaangalie leo wote waliochoka kupita nguvu zao. Wape usingizi. Wape mkate. Wape mtu wa kuwagusa kwa upole. Uwakumbuke waliofiwa katika maporomoko ya Pokot Magharibi, na kila nyumba ambayo bado inawalilia wake. Uwalinde vijana wetu walio barabarani. Utuponye sisi na ulimi wa kuhukumu, utufundishe kuuliza kabla ya kusema, na kubeba kabla ya kufundisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye naye alichoka akaketi kisimani akaomba maji. Amina.